UKISHAPIGA KURA, USILALE

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, nami leo sifichi.

Naikumbuka vizuri siku ya tarehe 9 Agosti 2022. Nilikuwa bado katika shule ya msingi, na shule yetu ndiyo iliyokuwa kituo cha kupigia kura. Watu walianza kupanga foleni gizani kabla ya milango kufunguliwa. Wazee walikuja na mikongojo, akina mama wakaja na watoto mgongoni. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa kike, ya mbunge na ya mwakilishi wadi. Mama yangu alirudi saa tano, kidole chake kimepakwa wino, akaingia jikoni bila kusema neno. Jirani yetu mmoja, mtu wa mizaha sana, akapita njiani ameinua kidole juu kama aliyeshinda kombe, akisema, "Mimi kazi yangu nimemaliza. Tuonane 2027!" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Leo sicheki tena, na nia ya makala haya ni kueleza ni kwa nini.

Maoni yangu ni kwamba mtu anayepiga kura kisha akalala hadi uchaguzi mwingine ni kama mkulima anayepanda mahindi mwezi wa Machi kisha akarudi shambani wakati wa kuvuna bila kupalilia hata mara moja. Akikuta magugu, amlaumu nani? Kati ya uchaguzi mmoja na mwingine kuna zaidi ya siku 1,800. Kupiga kura huchukua siku moja tu. Hizo siku nyingine zote ndizo za kupanga bajeti, kutoza ushuru, kutoa zabuni na kuamua barabara gani ichongwe na ipi iachwe. Mambo hayo hayangojei mwaka wa kura. Yanafanyika sasa hivi, wakati wewe na mimi tunabishana kuhusu Arsenal na Gor Mahia.

Nitawapa mfano ninaoujua, maana ulinipata mimi mwenyewe.

Sisi wa shule ya kutwa tunajua taabu ya njia. Wenzetu wa bweni wakisikia kengele wanatoka kitandani, sisi tunatoka kijijini. Wengi wetu kutoka upande wa juu huvuka mto kwa daraja la magogo mawili na ubao. Wakati wa kiangazi hakuna neno, unapita huku unapiga mluzi. Lakini mvua ya masika ya mwaka wa 2024, ile iliyoleta mafuriko karibu nchi nzima hata serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule, ililibeba daraja lile kama jani la mgomba. Wazee waliweka magogo mengine, lakini magogo ni magogo tu. Muhula uliofuata mwenzetu mmoja aliteleza akaanguka majini. Alishika mizizi ya mti, akavutwa na watu waliokuwa wakikata nyasi. Vitabu vyake vyote vilienda na maji. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha usiku, darasani asubuhi unahesabu madawati matupu na mwalimu haulizi kwa nini, anajua.

Sasa, watu wa kwetu walifanya nini? Walilalamika. Walilalamika kwenye vinyozi, sokoni, matangani na kwenye vituo vya bodaboda. Wengine walienda kwa chifu, na chifu akasema ameyasikia. Lakini hebu tuulize: je, daraja la njia ya kijijini ni kazi ya chifu? Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inagawanya kazi baina ya serikali mbili. Shule za msingi na za upili, polisi na usalama ziko kwa serikali ya kitaifa. Zahanati na hospitali za kaunti, maji na usafi, barabara za kaunti, masoko, taa za barabarani, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko kwa serikali ya kaunti. Ukimwendea chifu kwa sababu ya dawa kukosekana zahanatini, utakuwa unatwanga maji kinuni. Si kwamba chifu ni mbaya, la hasha, ila si mlango wenyewe. Watu wengi wazima hawayajui haya, na sisi tunaosoma somo la Historia na Serikali tunayajua ya mtihani tu.

Mimi nilijua mlango wenyewe kwa bahati. Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka 2025, nimeenda kutafuta sahihi ya chifu kwenye fomu ya basari. Foleni ilikuwa ndefu, nikaanza kusoma matangazo ukutani ili nisisinzie. Kati ya tangazo la ng'ombe aliyepotea na lile la kitambulisho kilichookotwa palikuwa na karatasi imelowa pembe moja. Ilisema wakazi wa wadi yetu wanaalikwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa soko. Nikamwuliza mama kama ataenda. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ataenda mwezini. Mama huuza mboga, na Jumanne ni siku ya soko. Akaniambia, "Mimi nikifunga meza siku ya soko tutakula maoni? Nenda wewe mwanangu, unajua kusoma."

Basi nikaenda. Saa nne nilikuta viti na walinzi tu. Mkutano ulianza karibu saa sita. Nilihesabu watu ishirini na watatu, wengi wao wazee, na vijana wachache ambao baadaye niligundua walikuja kwa ajili ya soda na mkate. Wadi yenye maelfu ya watu, watu ishirini na watatu! Afisa mmoja aliponiona akasema, "Wewe mtoto umekuja kufanya nini hapa? Kwenu hakuna mkubwa?" Nikaona haya, nikasimama niondoke. Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele akasema bila kugeuka, "Mwacheni mjukuu wangu akae. Huyo ndiye anayevuka mto, mimi siendi shule."

Nikakaa karibu naye. Tukapewa kijitabu kinene cha bajeti, nakala tatu kwa watu wote. Msomaji mpendwa, kijitabu hicho kilikuwa cha Kiingereza kitupu, tena Kiingereza cha wahasibu. Mzee akaniinamia akaninong'oneza, "Mjukuu, hebu nisomee, haya macho yangu na hii lugha haviongei." Nikaanza kutafuta jina la wadi yetu, ukurasa baada ya ukurasa, na nilipolipata nikamsomea kwa Kiswahili: changarawe kwenye barabara ya soko, darasa moja la chekechea, taa za barabarani. Mzee akauliza, "Na daraja?" Nikarudia kutafuta. Daraja halikuwamo. Nimefanya mitihani mingi maishani mwangu lakini sikumbuki kunyamaza kwa namna ile.

Wakati wa maswali ulipofika mzee alinisukuma kwa kiwiko. Niliinuka, magoti yakinicheza, nikaeleza habari ya mto, ya mwenzetu aliyeanguka na ya madawati matupu. Nilisema vibaya, nilirudiarudia maneno, lakini nilisema. Afisa yule yule akanisikiliza hadi mwisho, na jibu lake sitalisahau. Alisema, "Jambo lako ni la maana, lakini limechelewa. Mradi usipokuwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka, si rahisi kuingia kwenye bajeti. Mngekuja mwaka jana mwezi wa Agosti." Watu wakaguna. Mwaka jana mwezi wa Agosti nani alituambia?

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Lakini baada ya hasira kupoa nilianza kufikiri: kumbe hii kitu ina ratiba kama mtihani wa taifa! Ukikosa kujisajili kwa wakati, huwezi kufika siku ya karatasi ukadai kiti. Nikaanza kuuliza walimu na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Yakateni kwa makasi mkayaweke.

Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti inatakiwa iwe imepeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata katika bunge la kaunti. Hapo ndipo miradi inapopandwa. Kufikia tarehe 28 Februari, huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio yenyewe ya bajeti hupelekwa bungeni, na kabla ya Juni kwisha yanatakiwa kupitishwa. Haya yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Juu ya yote kuna mpango mkubwa wa miaka mitano wa kaunti. Kwa hivyo mtu anayengoja siku ya kusomwa bajeti ndipo aseme neno ni kama abiria anayepunga mkono matatu ikishapita.

Sisi tulipojua hayo hatukukaa. Mwezi wa Agosti uliofuata tuliandika barua. Si barua ya kulia, ni barua rasmi: mto uko wapi, wanafunzi wangapi huvuka, nini kilitokea, tunaomba nini. Mwalimu wetu mmoja alinisahihishia ngeli kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni insha. Yule mzee alizunguka nyumba kwa nyumba, tukapata sahihi sitini na nne, na wasiojua kuandika wakaweka alama ya kidole gumba. Tulipeleka nakala mbili, moja ikabaki ofisini, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa tukarudi nayo. Msidharau muhuri huo. Barua isiyo na muhuri husahaulika, yenye muhuri huulizwa.

Je, daraja limejengwa? Sitawadanganya. Hadi ninapoandika makala haya bado tunavuka kwa magogo. Lakini mradi umo katika mpango wa maendeleo, nimeuona kwa macho yangu, jina la mto limeandikwa ingawa wamelikosea herufi moja. Najua kuwa kwenye mpango si kuwa kwenye bajeti, na kuwa kwenye bajeti si kuwa mtoni. Ni lazima tufuatilie kila hatua, kwani tukilala tutaamka tukute hela zimejenga kitu kingine. Hata hivyo, karatasi iliyokuwa haina daraja sasa ina daraja, na hakuna aliyepigwa wala kuhongwa ili liingie. Ni watu walioketi mahali palipokuwa na viti vitupu.

Najua kuna watakaonipinga, na ni haki yao. Hebu niyajibu yale ninayoyasikia mara kwa mara.

Wa kwanza husema, "Tuliwachagua na wanalipwa, kwa nini tuwafanyie kazi?" Hoja hii ina ukweli wake, kwani mgala muue na haki yake mpe. Kweli wanalipwa, na mshahara ni wetu. Lakini wewe ukimwajiri mtu wa kukulishia ng'ombe, humwulizi jioni kama wamekunywa maji? Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe vya hadhara, na lishirikishe umma katika kutunga sheria na kazi zake nyingine. Mwenye mali asipoitazama, hata mchungaji mwema huanza kuchelewa.

Wa pili husema, "Maoni yetu hayasikilizwi. Wanaita mikutano ili wapige picha na kujaza orodha ya waliohudhuria, kumbe mambo yalishaamuliwa." Hii ndiyo hoja inayonisumbua zaidi kwa sababu mara nyingi ni kweli. Tangazo hubandikwa siku mbili kabla, mkutano huwekwa siku ya soko, vitabu huwa vitatu tena kwa lugha ngeni kwa wengi. Huko si kushirikisha, ni kutimiza wajibu kwa shingo upande. Lakini je, dawa yake ni kususa? Tukisusa, orodha itajazwa na wale waliokuja kula mkate, na kwenye ripoti itaandikwa kwamba wananchi waliunga mkono. Isitoshe, sheria ina meno kwa anayejua kuitumia. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliitangaza Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kuwa batili kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kutoza ushuru ikaanguka kwa sababu hiyo! Na ilianguka kwa sababu kuna watu waliokuwa macho wakaenda kushtaki. Waliolala hawashindi kesi.

Wa tatu husema, na hasa ni sisi vijana, "Mikutano ni ya wazee, sisi dawa yetu ni barabarani." Hapa nitasema kwa uangalifu. Mwezi wa Juni 2024 vijana wengi, wengine wakubwa kutuzidi kwa miaka michache tu, waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wapo waliopoteza maisha, hawakurudi kwao, na si haki kuwasahau. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sipingi hilo hata kidogo. Ninalouliza ni hili: mwezi huo huo wa Juni, kila mwaka, mabunge 47 ya kaunti hupitisha bajeti. Vijana tuko wapi? Sheria ya nchi tunaijua kifungu kwa kifungu kwa sababu ilisambazwa kwenye simu, lakini ushuru wa meza ya mama sokoni hatujui nani aliupandisha wala lini. Maandamano ni kama kupiga kengele ya moto, na kengele ya moto ni ya lazima moto ukiwaka. Ila nyumba isiyofagiliwa kila siku haiokolewi na kengele.

Wa nne, na huyu yuko hapa hapa shuleni, husema, "Sisi ni wanafunzi, tusome kwanza, siasa tuwaachie wakubwa." Baadhi ya walimu wetu wapendwa pia wana hofu hii na ninawaelewa. Siasa wanayoiogopa ni ya kubebwa kwenye malori, kupewa fulana na kurushiana mawe. Hata mimi naiogopa hiyo. Lakini kuuliza kwa nini zahanati haina dawa si kumpigia mtu debe. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema ni mtu yeyote aliye na haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti. Haikusema mpiga kura. Nina miaka kumi na sita, sina kitambulisho, lakini mimi ni mtu, na maji ya mto hayaulizi kitambulisho kabla ya kunisomba.

Wa mwisho husema hana muda. Huyu ndiye mama yangu, na simlaumu. Anayefunga meza yake analala njaa, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hivyo mzigo wa kwanza uko kwa wanaoitisha mikutano. Waiweke siku na saa ambazo mama mboga, mtu wa bodaboda na mwanafunzi wanaweza kufika, na waishushe karibu na vijiji. Linawezekana. Kaunti ya Makueni ilipata sifa wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kwa kuanzisha mikutano ngazi kwa ngazi, kuanzia kijijini hadi kwenye wadi na kupanda mpaka kaunti nzima, na kwa kuwa na kamati za wananchi wa kawaida za kusimamia miradi. Sisemi Makueni ni peponi. Nasema kama watu waliozoea ukame waliweza kuketi kijijini wakachagua kati ya kisima na barabara, sisi tuna udhuru gani?

Tena familia inaweza kupokezana. Si lazima wote waende. Mmoja akienda kwa niaba ya nyumba kumi, akarudi akawasimulia, hizo nyumba kumi zimehudhuria. Haba na haba hujaza kibaba.

Wanafunzi wenzangu, kabla hatujacheka watu wazima, hebu tujitazame kwenye kioo. Muhula wa kwanza tulipochagua baraza la wanafunzi, kampeni zilikuwa moto! Mgombea mmoja aliahidi githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Tukapiga makofi, tukamchagua, tukaimba hadi koo zikakauka. Tangu siku hiyo baraza limeitisha vikao vya darasa mara kadhaa. Wangapi tulienda? Darasani kwetu tulikuwa saba. Lakini kila siku saa saba mchana sahani zikija, wote tunanung'unika, na huyo kiranja tunamwita majina. Si hiyo ni tabia ile ile ya jirani yangu aliyeinua kidole? Uvivu wa 2027 unafunzwa hapa, kwenye foleni ya githeri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tufanye nini? Sipendi mtu wa kulaumu bila kupendekeza, kwa hivyo napendekeza mambo manne.

Mosi, kila mmoja ajue jina la mwakilishi wa wadi yake na la msimamizi wa wadi, na ajue ofisi zao ziko wapi. Kuna wadi 1,450 nchini na yako ni moja tu, haiwezi kukushinda. Wengi tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Uingereza na hatumjui huyu anayepanga barabara ya kwetu.

Pili, tukipita ofisi ya chifu au ya wadi tusome matangazo, tena tuyapige picha kwa simu za wazazi tuyatume kwenye vikundi vya WhatsApp vya vijiji, vya makanisa na vya misikiti. Tangazo lililolowa ukutani linaweza kuwafikia watu mia tatu kabla ya jioni.

Tatu, tuulize kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi katika muda wa siku 21. Swali la mdomo hupeperushwa na upepo. Swali la barua lina tarehe.

Nne, na hili ndilo ninaloliombea uungwaji mkono wa Chama chetu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Sisi tunashinda mijadala, tunatunga mashairi, tunachambua riwaya. Vizuri sana. Lakini yule mzee aliniambia macho yake na lugha ile haviongei. Kwa nini Chama cha Kiswahili kisichukue ukurasa unaohusu wadi zetu katika bajeti ya kaunti, kikautafsiri kwa Kiswahili rahisi, ukurasa mmoja tu, ukabandikwa sokoni, zahanatini na hapa langoni? Mradi gani, wapi, shilingi ngapi, na lini uanze. Mama akisoma kwamba soko limetengewa pesa za choo, atamwuliza anayekuja kumtoza ushuru, "Choo kiko wapi?" Swali hilo moja, likiulizwa na akina mama hamsini kwa siku moja, litafanya kazi kuliko hotuba yangu yote hii. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji kamusi, karatasi, gundi na watu watano wasioogopa hesabu. Mimi nimejitolea kuwa wa kwanza. Nabakisha nafasi nne.

Babu zetu waliwahi kupiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea mwaka wa 1988, na wapo walioona mlolongo mrefu ukishindwa na mfupi, wakarudi nyumbani bila pa kusemea. Sisi tuna pa kusemea. Tuna ukumbi, tuna viti, tuna sheria, na ratiba tunaijua. Kilichobaki ni miguu yetu kutufikisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa upande wetu wa juu, tusipojenga daraja siku moja tutachimba kaburi. Mungu apishe mbali.

Jirani yangu, nikikuta tena umeinua kidole mwaka 2027, nitakusalimu kwa heshima kisha nitakuuliza, "Mzee, Agosti inayofuata tunakutana saa ngapi ukumbini?"

Kwa hayo machache natumai nimewasha japo kibiriti. Anayenipinga aje tuzungumze chini ya ule mti wa karibu na jiko, githeri ikichelewa kuiva.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.